Mlingoti umeanguka nyuma ya nyumba: tutaupasuaje bila kuumizana?

Shikamoo Mzee, na kamwene.

Mimi ni mama ntilie, naishi mkoani Njombe. Mwezi wa tatu, siku moja ya mvua na upepo mkali, mlingoti mkubwa (wengine huuita mkaratusi) uliokuwa nyuma ya nyumba yetu uling'oka. Mungu alisaidia ukaangukia upande wa shamba, nyumba haikuguswa. Tulimwita kijana mwenye chenso akaukatakata. Vipande vingi vina urefu wa nusu mita, ila vile vya karibu na shina ni vinene mno. Kimoja nimekipima kwa futi ya fundi, upana wake ni sentimita 70. Kazi hakuimaliza. Kipande cha mwisho, kama mita mbili hivi, bado kimeshikana na mizizi, kwa sababu chenso ilibanwa akakata tamaa. Mizizi yenyewe imesimama wima na udongo wake, inanizidi kimo, na chini yake kuna shimo ambalo watoto wamelifanya nyumba yao ya kuchezea.

Kijana wangu wa miaka 16 ndiye aliyeanza kupasua. Alikuwa anakanyaga gogo kwa mguu ili lisiyumbe. Shoka likateleza, likamkata juu kidogo ya kifundo cha mguu. Tulimwosha tukamfunga kitambaa, sasa anatembea. Wiki iliyofuata akaja jirani kutusaidia, mara kichwa cha shoka kikachomoka kwenye mpini na kuruka hadi kwenye kamba ya nguo. Hapo nikawakataza wote wasiguse.

Sasa kila mtu ana lake. Jirani anasema tulipigilie shoka ndani ya gogo kisha tuligonge kwa nyundo kubwa ya mawe. Mama mkwe anasema magogo yakae mpaka mwakani, yakikauka yatapasuka kwa urahisi. Mume wangu yuko mbali kikazi hadi mwezi wa nane, nami kuni za kununua zinanila mtaji wakati mali imelala nyuma ya nyumba. Mahali penyewe pana mteremko unaoshuka kuelekea jikoni. Je, mwanamke na kijana wanaweza kuifanya kazi hii, au nisubiri? Na magogo makubwa yanashughulikiwaje?

Mwenye Mlingoti, Njombe

*

Marahaba binti yangu, kamwene.

Umeniuliza habari za shoka, lakini kilichonishtua katika barua yako ni lile shimo la watoto. Naomba uanze na hilo leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Waondoe watoto pale, kisha zungushia miba au fito mahali pote palipong'oka mizizi.

Sababu ni hii. Mti uking'olewa na upepo, mizizi huinuka na bonge kubwa la udongo. Kinacholizuia bonge hilo lisirudi shimoni ni uzito wa shina lililolala chini. Kila kipande kinachokatwa kinapunguza uzito huo. Zenu zimebaki mita mbili tu. Udongo ukilowa, au mtu akikata kipande kingine, au hata bila kuguswa, mizizi inaweza kujirudishia chini kwa ghafla na kulifunika shimo lote. Aliyemo ndani hapati nafasi ya kutoka. Wanaofanya kazi kwenye mashamba makubwa ya miti, kama Sao Hill kule Mufindi, wanafundishwa jambo hili mapema kabisa: nyuma ya mizizi iliyong'oka hakai mtu, na anayekata shina lake hasimami juu yake wala karibu na shimo.

Kipande hicho cha mita mbili, basi, kiache. Wala usimwite tena yule kijana ambaye chenso yake ilibanwa. Chenso kubanwa maana yake mti ulikuwa umebeba mkazo, upande mmoja umevutwa na upande wa pili umebanwa, naye alikata upande uliobanwa. Tafuta mtu mwenye uzoefu wa miti iliyoangushwa na upepo. Ulizia kwa afisa misitu wa wilaya, au kwa wenye mashamba ya miti huko kwenu, maana Njombe hawakosekani. Yeye ataishikilia mizizi kwa kamba nene au mnyororo kabla ya kukata. Na usipompata mwaka huu, kipande kikae hapo hapo na miba yake.

Jambo la pili ni mguu wa kijana. Hukuniambia kama alichomwa sindano ya pepopunda. Kama hakuchomwa, au hamkumbuki alichomwa lini mara ya mwisho, mpeleke kituo cha afya hata kama kidonda kimefunga juu. Shoka lililogusa udongo ni njia nzuri sana ya pepopunda kuingia mwilini, na ugonjwa huo huweza kujitokeza siku nyingi baada ya mtu kukatwa.

Sasa tuje kwenye magogo.

Mama mkwe wako ana haki kwa miti mingi, ila kwa mlingoti hapana. Nyuzi za mlingoti zimejisokota na kupishana ndani ya mti. Ukiwa mbichi zinaachana, ukikauka zinashikana na kuwa ngumu kiasi cha kulirudisha shoka. Anayengoja mwakani atapasua kwa taabu maradufu, na shoka linalorudi nyuma ndilo linaloumiza watu. Mti wenu ulianguka mwezi wa tatu, kwa hiyo magogo manene bado yana maji ndani. Pasueni sasa, na anzeni na yale manene zaidi wakati hali bado inaruhusu. Membamba hata yakichelewa hayatawashinda. Nyufa zinazojitokeza kwenye vichwa vya magogo yanapoanza kukauka zitawasaidia, kwa kuwa hapo ndipo mti wenyewe umeshaonyesha pa kuingilia.

Halafu ujue uzito wa kitu ulicho nacho. Mlingoti mbichi una uzito unaokaribia maji, meta moja ya ujazo ni kama tani moja. Gogo lako la upana wa sentimita 70 na urefu wa nusu mita linakaribia kilo 200. Gogo la nusu ya upana huo, sentimita 35, kwa urefu uleule, ni kama kilo 50 tu. Kwa hiyo macho yanadanganya: unaona gogo limezidi mara mbili, kumbe uzito umezidi mara nne. Gogo la kilo 200 halibebwi na mtu yeyote, awe mume wako au jirani. Watu wawili wakilinyanyua na mmoja akateleza, wa pili ameumia mgongo au vidole. Gogo la namna hiyo hupasuliwa pale lilipo, au linabingirishwa kwa mtaimbo au kwa mti mgumu wa kulikwezea.

Kwenu kuna mteremko, na jiko liko chini. Hapa uwe mkali kwa kila mtu. Kabla gogo lolote halijaguswa, liwekewe jiwe au kabari ya mti upande wa chini. Anayelisogeza asimame upande wa juu wa mteremko, na upande wa chini asiwepo mtu, wala moto, wala sufuria ya maharage. Kama magogo yamelundikana, msichomoe la chini. Anzeni na la juu. Na msiyabingirishe kushuka moja kwa moja. Yapelekeni kwa kukingama na mteremko, hatua fupi, jiwe likifuata kila hatua. Mimi ningechukua jembe kwanza nikachimba mahali tambarare pa upana wa hatua nne au tano, karibu na magogo yalipolala, nikapafanya ndio kiwanja cha kupasulia. Ni kazi ya asubuhi moja na inaokoa mengi.

Shoka lililochomoka kichwa lisirudi kazini kwa kulowekwa kwenye maji. Najua wengi hufanya hivyo: mpini unavimba, kichwa kinakaza, kesho yake mti unakauka na kunywea kuliko mwanzo, kichwa kinaruka tena. Weka mpini mpya wa mti mgumu uliokauka vizuri, kisha upigilie kabari ya mti kwenye ncha yake juu ya tundu. Kila mara kabla ya kuanza, shika shoka kichwa chini ugonge kitako cha mpini kwa gongo ili kuona kama kichwa kimecheza. Shoka la kienyeji, lile ambalo mkia wa chuma umepenya kwenye kichwa cha mpini, halina tabia ya kuchomoka kirahisi kwa sababu kila pigo linazidi kulikaza. Tatizo lake ni kwamba ni jembamba, linakata vizuri lakini linanasa kwenye gogo nene. Litumie kwa matawi na vipande vidogo. Lolote utakalotumia, linoe kwa tupa. Shoka butu halisalimishi mtu, linateleza juu ya gogo na kutafuta mguu.

Ushauri wa jirani wa kugonga shoka kwa nyundo ya mawe uukatae kabisa, kwa adabu lakini bila kusitasita. Chuma cha shoka na chuma cha nyundo vyote ni vigumu, na vikigongana kwa nguvu vinaweza kumeguka. Kipande kidogo sana kinatosha kupofua jicho. Tundu la shoka nalo hutanuka au kupasuka. Kinachogongwa kwa nyundo ni kabari ya chuma, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo.

Kabari mbili zinatosha, tatu ni raha. Mhunzi au fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa chuma chakavu. Mwambie makali yawe magumu lakini kitako kinachogongwa asikitie maji, kibaki laini. Kitako laini kitapanuka kwa kupigwa na kuota masikio pembeni. Masikio hayo yakionekana, yaondolewe kwa grenda au tupa kabla ya kazi ya siku hiyo, kwa maana ndiyo yanayoruka. Na anayepiga nyundo avae miwani ile ya plastiki nyeupe ya mafundi wa grenda, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kama fedha inabana, nunua miwani hiyo kabla ya glavu.

Kupasua kwenyewe kunaendaje? Gogo la sentimita 70 lisimamishwe wima kwenye kiwanja chako tambarare, chini kabisa, si juu ya gogo lingine. Usilipige katikati. Hapo ndipo watu wengi wanapochoka na kukasirika, na mtu aliyekasirika akiwa na shoka ni hatari. Anza pembeni, sentimita nane au kumi kutoka ukingoni, uchane ubao mmoja, uzunguke, uchane mwingine, kama mtu anayekata boflo kuanzia kwenye ukingo. Kila ubao unaotoka unapunguza gogo, mwishowe kitovu kinabaki kipande ambacho hata kijana wako atakimudu. Epuka palipoota matawi, kwenye vifundo. Zungusha macho yako kwenye gogo kabla ya kuinua chochote, utafute ufa ulipo na kifundo kilipo, na upasue kutoka upande usio na kifundo.

Shoka likishindwa, leta kabari. Iweke kwenye ufa, igonge kidogo kidogo kwa nyundo ndogo hadi isimame yenyewe, toa mkono, ndipo upige kwa nguvu. Asiwepo mtu wa kukushikia kabari. Nimeona vidole vilivyopotea namna hiyo, na mwenye navyo alikuwa anamsaidia ndugu yake. Ya kwanza ikizama bila gogo kufunguka, ingiza ya pili mbele yake ndani ya ufa uleule, ya kwanza italegea. Usitie vidole ndani ya ufa kuchomoa kitu, hata ufa uwe mpana vipi: kabari ikiruka, gogo hujifunga. Tumia kijiti. Na shoka likinasa, usilipinde kushoto na kulia, utavunja mpini. Gonga mwisho wa mpini kwa kiganja, juu na chini, litalegea.

Kwa vipande vya wastani tafuta tairi kuukuu la gari. Lilaze juu ya gogo pana la kupasulia, gogo ambalo halifiki magoti, kisha usimamishe kipande ndani ya tairi. Kipande hakianguki, vigae haviruki kwenda miguuni, na hakuna haja ya kushika kwa mkono wala kukanyaga. Hili ndilo jibu la mguu wa mwanao. Alikanyaga kwa sababu gogo lilikuwa linayumba. Tairi litashika badala ya mguu. Kama hakuna tairi, kipande kisimamishwe upande wa mbali wa gogo la kupasulia, ili shoka likikosa au likipita lizame kwenye gogo badala ya kuendelea hadi kwenye ugoko.

Miguu isimame mbali kidogo, sawasawa, si mmoja mbele. Shoka linaposhuka, kunja magoti kidogo ili lishuke wima na liishie kwenye mti. Anayepiga akiwa amenyooka kabisa, shoka hufuata duara na kurudi kwake. Kabla ya pigo la kwanza nyoosha shoka pande zote na juu yako: kama linagusa kamba ya kuanikia nguo, tawi au bati la jiko, hama. Anayepasua awe mmoja tu kwa wakati, na wengine wakae mbali, si chini ya hatua sita. Kuku pia wafukuzwe, kwa sababu mtoto atawafuata.

Ndala na yeboyebo hazifai hapa. Buti za ngozi ndizo bora. Zikikosekana, gambuti ni afadhali kuliko kidole wazi, japo shoka linazipenya. Kanga na kitenge vifungwe vizuri visiningʼinie, au vaa suruali siku hiyo. Kushika mpini mimi napendelea mkono mtupu na mkavu, glavu nazivaa wakati wa kubeba na kupanga kwa sababu ya vibanzi. Msipasue mvua ikinyesha, wala giza likiingia, wala mtu yeyote asiguse shoka baada ya kunywa ulanzi, hata awe fundi wa sifa.

Umeuliza kama mwanamke anaweza. Anaweza, tena mara nyingi anapasua kwa usalama zaidi kwa sababu anaacha ufa na kabari vifanye kazi. Shoka la uzito unaoweza kuliinua mara nyingi bila kutetemeka linakutosha. Kijana naye aendelee baada ya mguu kupona kabisa, akiwa na mtu mzima pembeni, kwa vipande vya ndani ya tairi. Nyundo nzito asubiri mpaka misuli ikomae, na chenso asiiguse. Pasueni asubuhi, muda mfupi, mikono ikianza kutetemeka mwache. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, na hakuna anayewakimbiza.

Kabla ya kuanza weka karibu kitambaa safi kikubwa na simu yenye chaji. Mtu akikatwa vibaya, kandamiza kitambaa juu ya kidonda kwa nguvu bila kuachia kila mara kuchungulia, na mumpeleke hospitali mkiwa mnaendelea kukandamiza. Damu ikiruka kwa kasi mguuni au mkononi na kukandamiza hakusaidii, funga utambi mpana wa nguo, si penye kidonda bali juu zaidi yake, upande wa kuelekea kiwiliwili, uukaze kwa kijiti hadi damu isimame, na ukumbuke saa uliyofunga ili umwambie daktari. Majivu, udongo, mafuta ya taa na majani ya kahawa visiguse kidonda. Kibanzi kikichoma jicho, msikichomoe wala kusugua. Funikeni kwa kikombe safi na mwende.

Kuni zilizopasuliwa zipangwe juu ya fito, zisiguse ardhi, upepo upite, na juu pekee pafunikwe bati. Rundo lisizidi kiuno, kwa ajili ya watoto. Kuanzia sasa hadi mvua za mwezi wa kumi na moja mna kiangazi kizima, na vipande vyembamba vitakuwa vimekauka vizuri kabla haijafika. Vinene vipe muda zaidi. Unapochukua kuni kwenye rundo, tanguliza kijiti kabla ya mkono, nyoka hupenda kulala humo wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba.

Kwa sasa, ili usiendelee kununua, kusanya matawi. Yaliyo membamba kuliko mkono wako yalianza kukauka tangu mwezi wa tatu na hayahitaji kupasuliwa, yanatosha kuanzishia chai na uji. Na mama mkwe mwombe asimamie jambo moja ambalo wewe ukiwa jikoni huwezi kulisimamia: kwamba hakuna mtoto anayevuka ile miba ya shimoni.